Simu isiyosasishwa nayo ni siasa

Makamanda, siku hizi hakiishi kikao cha vijana bila mtu kuuliza kama simu zetu zinasikilizwa. Swali zuri. Ila huyo huyo anayeuliza, Bluetooth ya simu yake iko wazi toka asubuhi, na jina lake kamili linasomeka kwa kila aliye karibu.

Bluetooth ya simu kwa kawaida hufika kama mita 10, kwa hiyo anayekushambulia lazima awe jirani. Sasa kwenye mkutano wa hadhara, au ndani ya daladala, mita 10 ni watu wangapi?

Mwaka 2004 kirusi cha Cabir kiliruka kati ya simu za Symbian, lakini kilisubiri mwenye simu akubali. Watu walikubali tu! Baadaye mambo yakawa mazito. Septemba 2017 watafiti wa Armis walitangaza BlueBorne: mtu aliweza kuingia kwenye simu ya Android bila kuunganishwa nayo na bila wewe kubonyeza chochote. Ilitosha Bluetooth iwe imewashwa. Mwaka 2019 likaja shambulio la KNOB, linalovilazimisha vifaa viwili kukubaliana ufunguo wa baiti moja, yaani namba 256 tu za kubahatisha. Kompyuta inazimaliza kufumba na kufumbua.

Google walitoa masasisho ya kuziba BlueBorne mwezi ule ule. Lakini simu za bei yetu, zile tunazojikunja kununua, mara nyingi zikishatoka dukani ndiyo basi, hazisasishwi tena. Hapo ndipo mimi naona siasa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa zako azilinde. Sawa, na anayekuuzia mlango mbovu je? Uingereza, tangu Aprili 2024, mtengenezaji analazimika kisheria kutaja masasisho ya usalama yatatolewa hadi lini. Dukani kwetu unatajiwa kamera na betri.

Nataka dai hilo liingie kwenye ilani yetu: muda wa masasisho uandikwe kwenye boksi, kwa Kiswahili, kabla mtu hajatoa hela.

Mawakala wetu wasisubiri sheria. Mwenye orodha ya wanachama au picha za fomu za matokeo kwenye simu, azime Bluetooth kabla hajaingia kituoni. Muziki atasikiliza nyumbani.