Wavivu ni Nani?

Twasikia kila siku vijana wa Eastlands, Nairobi, wakilaumiwa: ati wavivu, hawataki kunyoosha viungo, kazi yao ni kukaa na simu mkononi. Lawama hiyo sisi hatuikubali.

Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada, alianzisha chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kijulikanacho kama MYSA. Sharti lake lilikuwa geni: timu ikizoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa hupewa pointi, nazo huingizwa katika msimamo wa ligi pamoja na za ushindi uwanjani. Wale wale waitwao wavivu wakashika majembe na mikokoteni! Humo ikatoka Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 ikatwaa ubingwa wa Kenya.

Hayo hayakuletwa na mawaidha (nasi wakubwa twayapenda mno). Kijana alipewa mchezo, mwenziwe wa kushindana naye, na jasho lake likahesabiwa.

Je, mabinti? Wao waliingizwa baadaye, miaka ya 1990, na hata leo mpira uanzapo wengi wao wako bombani na ndoo, au wamebeba wadogo zao mgongoni. Kwa Waislamu wenzetu wanaohofia mavazi, hijabu iliruhusiwa rasmi katika kandanda mwaka 2014. Basi wazazi wa Majengo, Pumwani, na wa kwetu Mombasa na Lamu pia, ndoo ile Jumamosi mpeni kaka mtu, dada naye ende kiwanjani.