Jazi iliheshimu Kiswahili, nasi je?

Kumejengeka katika shule zetu mazoea ya kukiona Kiswahili kuwa lugha ya karatasi ya mtihani, na kudhani kwamba sanaa kubwa za ulimwengu huzungumza kwa ndimi nyingine. Mwenye dhana hiyo hajapata kuisikiliza jazi kwa makini. Mimi ni mpenzi wa muziki huo na mkazi wa Kakamega, na leo naomba kutoa maoni yangu kuhusu santuri tatu, filamu moja na mchezo mmoja wa runinga. Vyote hivyo viliazima kitu kutoka kwetu, na namna mtu anavyokitumia cha kuazima ndiyo huonyesha jinsi anavyomheshimu mwenye mali.

Haki yadai tuanze na deni letu wenyewe. Sisi pia tuliazima. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Huko Kongo, Joseph Kabasele akaunda African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ya Franco ikafuata mwaka 1956. Hapa Kenya, Shirati Jazz ya D. O. Misiani ilitikisa nchi nzima. Atakayezisikiliza bendi hizi akitarajia muziki wa New Orleans atapigwa na butwaa, kwani atasikia dansi, rumba na benga. Neno 'jazz' lilikuwa kama koti jipya: lilitangaza kwamba aliyelivaa ni mtu wa mjini na wa kisasa. Sioni aibu yoyote katika hilo. Walichukua jina, wakalitilia muziki wao wenyewe, na jina likawafanyia kazi.

Je, Wamarekani nao walifanya nini na maneno yetu?

Santuri ninayoiweka mbele ya zote ni Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwezi wa Novemba mwaka 1960, mwaka ambao mataifa 17 ya Afrika yalijipatia uhuru. Muziki ulipangwa na Melba Liston, mwanamke aliyekuwa bingwa wa tromboni. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike, akachagua Kiswahili. Maneno ya mshairi Langston Hughes yakasomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Hapo lugha yetu haikuwekwa jaladani iwe urembo. Ilipewa kipaza sauti. Mwaka 1964 serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo. Watawala wa ubaguzi hawakuwa na haja ya kuogopa pambo; walichokiogopa ni kitu chenye la kusema.

Sehemu ya mwisho ya kazi hiyo huitwa Kucheza Blues. Mwalimu wa Kiswahili aweza kutumia kichwa hicho darasani. Kwetu sisi muziki hupigwa na ngoma huchezwa. Kwa sikio la Mswahili, basi, kichwa hicho hakimsifu mpigaji aliyeketi, bali chamwita msikilizaji ainuke. Nami kila niisikiapo naona mwito huo ni wa haki.

Santuri ya pili ni Mwandishi ya Herbie Hancock, iliyotolewa mwaka 1971. Hancock alijiita Mwandishi, na wenzake watano katika bendi nao wakachukua majina ya Kiswahili. Eddie Henderson, mpiga tarumbeta aliyekuwa pia daktari aliyehitimu, aliitwa Mganga, na hapana jina lililomkaa mtu vizuri kuliko hilo. Billy Hart wa ngoma aliitwa Jabali, nalo likamfaa. Lakini Buster Williams wa gitaa la besi aliitwa Mchezaji, na hapa mwalimu atatabasamu, kwa kuwa mchezaji kwetu ni wa kandanda au wa ngoma; wa ala ni mpigaji. Julian Priester naye aliitwa Pepo, jina ambalo bibi yangeshindwa kuliita saa za usiku. Makosa haya hayaniudhi. Ni makosa ya mtu aliyefungua kamusi kwa mapenzi, na ni bora kuliko usahihi wa mtu asiyeifungua kabisa.

Muziki wenyewe ni mgumu, sikatai. Wimbo wa kwanza, uliotungwa kwa heshima ya Angela Davis aliyekuwa kizuizini wakati huo, huenda kwa mapigo 15, nao waweza kumchosha mgeni. Hata hivyo, naamini mtoto wa Shinyalu au Khayega atauelewa upesi kuliko wengi. Isukuti ya Waisukha na Waidakho hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, kila moja ikienda njia yake na zote zikikutana. Sikio lililolelewa hivyo halitishwi na hesabu ya mapigo.

Ya tatu ni Search for the New Land ya mpiga tarumbeta Lee Morgan. Humo mna wimbo uitwao Mr. Kenyatta, uliorekodiwa mwezi wa Februari mwaka 1964, miezi miwili tu baada ya bendera yetu kupandishwa. Hauna neno hata moja la kuimbwa. Nauweka nyuma ya zile mbili kwa sababu ulichoazima ni jina tu. Hata hivyo, una mwendo wa mtu aliyevaa nadhifu aendaye kuapishwa, na mwanafunzi wa historia akiusikia atajua kwamba Desemba 1963 ilisikika hadi ng'ambo ya bahari.

Sasa tuingie kwenye sinema. Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 imewafundisha watoto wa dunia nzima maneno ya Kiswahili kuliko kitabu chochote. Pumbaa kweli amepumbaa, na Rafiki ni rafiki. Lakini fisi ameitwa Shenzi, neno ambalo mabwana wa kikoloni walilitumia kuwatukania wazee wetu, nasi tunaliona likichekewa na watoto. Ama 'hakuna matata', ambalo Them Mushrooms walikuwa wameshaliimba mwaka 1982 katika Jambo Bwana, kwa asili ni kauli ya kumtuliza mgeni. Filamu ililigeuza kuwa falsafa ya kukwepa wajibu, ingawa kwa uadilifu hadithi yenyewe humlazimisha Simba kuiacha. Alama ninazoitoa ni nusu.

Runinga ilikuwa na adabu zaidi. Mchezo wa Star Trek ulioanza Marekani mwaka 1966 ulikuwa na afisa mwanamke mweusi, Uhura, ambaye jina lake lilitokana na 'uhuru'. Katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba mwaka huo, mgeni asiyejulikana anamjia na kumsemesha kwa Kiswahili. Watunzi waliiwaza karne ambayo haijafika na Kiswahili kikawamo. Ni jambo dogo, lakini ni wangapi kati yetu tunaokiwazia Kiswahili karne hiyo?

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Kipimo changu katika yote haya ni kimoja: je, neno lililoazimwa limepewa kazi, ama limetundikwa tu ukutani? Kipimo hicho tukikirudisha nyumbani, chatuumbua. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alilipiga gitaa la omutibo kwa vidole huku chupa ya Fanta ikishika mapigo, na aliimba kwa Kiswahili. Mkusanyo wa nyimbo zake ulitolewa upya mwaka 2017, na waliofanya kazi hiyo ni watu wa ng'ambo. Abana ba Nasery kutoka Bunyore walitolewa albamu Uingereza. Wimbo wa Daudi Kabaka, Helule Helule, uliimbwa na kundi la Tremeloes la huko huko Uingereza mwaka 1968. Isukuti yenyewe iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Ni shule ngapi za kaunti hii zilizo na hata wimbo mmoja wa Mukabi katika maktaba?

Najua walimu watanijibu kwamba silabasi ni ndefu na muda ni mfupi. Jibu hilo lina uzito, lakini tazama tunavyoutumia muda wenyewe. Fasihi Simulizi hutahiniwa, na nyimbo ni utanzu wake. Mwanafunzi hukariri hodiya, nyiso, mbolezi na bembelezi, akaandika sifa tano za kila moja, akapata alama zake, pasipo kusikia hata wimbo mmoja ukiimbwa darasani. Huko ni kumfundisha mtu kuogelea ubaoni. Wengine watasema jazi ni muziki wa kigeni na wa wenye nafasi. Ugeni si hoja, maana hatukuwaondoa watunzi wa kigeni katika masomo yetu ya fasihi ya Kiingereza. Na kuhusu nafasi, simu moja ya mwalimu na kipaza sauti kidogo vyatosha darasa zima.

Isitoshe, mfumo wa elimu wa umilisi umeifanya sanaa na michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za shule ya upili. Njia hiyo ikifunguliwa bila sauti za nyumbani, tutawalea wasanii watakaoijua Hakuna Matata wasimjue Mukabi.

Pendekezo langu ni dogo. Muhula ujao, kila mwalimu wa Kiswahili atenge dakika kumi kwa juma. Juma la kwanza awasikilizishe wanafunzi sauti ya Sanga katika Uhuru Afrika. Juma la pili, Mukabi. Juma la tatu awatume vijijini wakairekodi isukuti kwa idhini ya wazee, na rekodi hizo zihifadhiwe shuleni. Kisha awaulize swali lile lile kila mara: maneno haya yanafanya kazi gani humu? Nina hakika majibu yatakayotoka Kakamega yatawashinda waliofungua kamusi kule Marekani, maana hawa lugha ni yao.