Si uchawi, ni ubongo unaugua

Wandugu wa Fizi na Baraka, mtu mzima akibadilika akili ghafla, akaona vitu hewani, akaanguka kifafa, tunasema amerogwa. Tunamufunga kamba, tunamupeleka kwenye maombi. Basi, tuache! Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walionyesha: kinga ya mwili inaweza kushambulia ubongo wenyewe. Daktari anapima malaria na maji ya uti wa mgongo. Akiona si vijidudu, anatoa kotikosteroidi, dawa ya kutuliza kinga. Wengi wanapona, hasa wakitibiwa mapema. Sisi tunakosa vipimo, tunakosa barabara. Katiba, kifungu cha 47, inatuhakikishia afya. Serikali, maombi tunayo, lete vipimo! Hatutanyamaza.