Sheria Moja, Mizani 43

Uingereza husifiwa, na si kwa bure, kuwa miongoni mwa nchi zenye sheria kali mno za silaha, hata askari wa kawaida wa England, Wales na Uskoti huzunguka mitaani bila ya bastola kiunoni. Walakini mwenye kuufuatilia ukali huo mpaka kwenye afisi unakotendewa kazi ataona kwamba, kwa miaka mingi, ulizidi hapa na kupungua kule kwa kadiri ya desturi za kila jimbo.

Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 haikumpa waziri dhamana ya kuamua ni nani astahiliye kuweka bunduki nyumbani, bali ilimpa mkuu wa polisi wa mahali. Na majeshi ya polisi katika England na Wales ni 43, kila moja na mkuu wake na afisi yake ya leseni. Mkulima aombaye hati ya bunduki ya marisau hujaza fomu, hutaja wa kumshuhudia, kisha humngoja afisa wa uchunguzi afike kwake, alitikise kabati la chuma aone kama limekazwa barabara ukutani, aulize ufunguo hukaa wapi na ni nani mwingine ajuaye mahali pake. Swali hilo la ufunguo, kwa rai yangu, lina faida kuliko kurasa zote za fomu. Lakini kabla ya Novemba 2021, serikali ilipotoa mwongozo wenye nguvu ya kisheria, lilikuwapo jeshi lililodai barua ya daktari kwanza, na lilikuwapo jingine lililotoa hati bila ya kusikia neno la daktari yeyote. Hivyo mtu yule yule, mwenye hasira zile zile na maradhi yale yale, angaliweza kunyimwa bunduki upande huu wa mpaka wa jimbo na kupewa upande wa pili.

Yaliyotokea Plymouth yanajulikana. Tarehe 12 Agosti 2021, katika mtaa wa Keyham, kijana wa miaka 22 aliwaua kwa bunduki ya marisau watu watano, akiwamo mama yake mzazi na mtoto wa miaka mitatu, kisha akajiua mwenyewe. Bunduki ile hakuiiba, wala hakuinunua kwa magendo. Polisi wa Devon na Cornwall walikwisha kuichukua Desemba 2020, baada ya kubainika kwamba amewapiga vijana wawili bustanini, na Julai 2021, wiki chache kabla ya maafa, wakamrudishia pamoja na hati yake. Jopo la raia lililosikiliza uchunguzi wa vifo hivyo mwaka 2023 liliilaumu afisi ile ya leseni kwa taksiri kubwa, lakini halikuishia hapo: lilisema pia kwamba pendekezo la jaji Lord Cullen la mwaka 1996 kuhusu mafunzo ya maafisa hao lilikuwa halijatekelezwa kitaifa. Pendekezo hilo lilitolewa baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni Dunblane, tena kwa bastola zilizomilikiwa kwa hati halali. Robo karne ikapita, na kila jimbo likaendelea kuwafundisha watu wake lipendavyo.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba polisi wa mahali ndiye amjuaye mwombaji, ajuaye kama ni mlevi, kama humpiga mkewe, kama ana ugomvi wa mpaka na jirani. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zama ambapo askari wa kijiji alilala kijijini. Leo afisa wa uchunguzi hutumwa kuzunguka wilaya nzima, na anayemhoji aghalabu hajapata kumwona. Madhali ujirani ule haupo tena, kilichobaki ni tofauti za afisi na afisi, na tofauti hizo haziwezi kuitwa hekima. Hata mwombaji mwema hudhulumiwa nazo, kwa kuwa ajibiwaye upesi katika jimbo moja ana mwenzake anayengoja kwa miezi mingi katika jimbo jingine, ilhali wote wawili wamelipa ada sawa.

Na ada hiyo ndiyo inishangazayo. Februari 2025 serikali ilipandisha malipo ya hati mpya ya marisau kutoka pauni 79.50 hadi pauni 194, na bei hiyo hailegezwi kwa ajili ya jimbo lolote. Kumbe kulinganisha kunawezekana, fedha zikihusika!

Uskoti iliyaunganisha majeshi yake manane kuwa moja mwaka 2013, na leseni zake zikawa chini ya amri moja. Kenya nayo, iliyorithi misingi ya sheria zake za silaha kutoka kwa Waingereza hao hao, ina bodi moja ya taifa ya kutoa leseni. Sidai kwamba umoja huo umekomesha kila shari. Lakini Bunge la London lingefanya insafu kuyaondoa mamlaka haya katika majeshi 43 na kuyatia katika afisi moja, yenye mafunzo mamoja na daftari moja, kisha likawaachia polisi wa majimbo kazi ya kubisha hodi, kukagua kabati na kuuliza habari za ufunguo.