Ziwa Linafungwa kwa Sababu Boti Hazionekani

Tarehe 15 Mei 2024 shughuli za uvuvi zilisimamishwa Ziwa Tanganyika, upande wote wa Tanzania, kuanzia Kigoma, kupitia Katavi, hadi Kasanga kwetu mkoani Rukwa, mpaka 15 Agosti. Miezi mitatu. Tuliambiwa samaki wapumzike, wazaliane, dagaa na migebuka waongezeke. Sina ugomvi na samaki kuzaliana. Ugomvi wangu ni na hukumu iliyompata mvuvi mwenye leseni na wavu halali sawasawa na yule anayevuta kokoro ufukweni na kukomba hata vifaranga. Walifungiwa siku moja, wakafunguliwa siku moja. Hukumu ya jumla namna hiyo hutolewa na asiyejua nani kafanya nini, na Serikali haijui kwa sababu boti za ziwa hili haizioni.

Mtaniuliza mtu wa Laela yanamhusu nini, sisi tulio juu ya uwanda wa Ufipa, kando ya barabara ya Sumbawanga kwenda Tunduma, tusioyaona maziwa mpaka tuteremke milima. Yanatuhusu kwenye sufuria. Dagaa wanapanda huku kwenye magunia, na ziwa likifungwa mama muuza dagaa anaacha kupima kwa sado anapima kwa kikombe, na ile nyongeza ya kiganja anayomrushia mteja wake wa kila siku inakufa kimyakimya. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuhamia kwa dagaa wa Mwanza. (Huyo huyo, kwa taarifa yenu, humwita kila dagaa wa Tanganyika dagaa wa Kigoma, hata aliyevuliwa Kasanga akakaushwa kwenye mchanga wa Kasanga.) Sisi tunarudi kwenye maharage, tunasubiri Agosti.

Baharini mbona Serikali ina macho? Meli ya kigeni ikitaka kuvua jodari kwenye bahari kuu yetu inaomba leseni kwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Fumba, Zanzibar, na miongoni mwa masharti ni kufunga kifaa cha kufuatilia chombo. Kifaa kinajua mahali kilipo kwa setilaiti, kisha kinarusha taarifa hiyo hadi chumba cha uangalizi nchi kavu, tena na tena, usiku na mchana. Afisa akikaa mbele ya kioo anaona njia yote ya meli, na kwa mwendo wake tu anaweza kukisia kama inapita au inavua, maana meli inayotandaza mishipi haitembei kama inayowahi bandarini.

Akili hiyo tuliinunua kwa bei. Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ikituhumiwa kuvua kwenye maji yetu bila leseni, tumboni ina karibu tani 300 za samaki. Nchi nzima ikawabatiza samaki wa Magufuli, kwa kuwa hayati John Magufuli ndiye aliyekuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Wachache wanakumbuka kwamba meli ya doria iliyotumika kuikamata, Sarah Baartman, ilikuwa ya Afrika Kusini. Wachache zaidi wanakumbuka kwamba mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliifuta hukumu kwa kasoro za uendeshaji wa kesi, na meli yenyewe ikaozea Dar es Salaam.

Sidai kwamba kifaa ni dawa ya kila kitu. Nahodha mwizi anaweza kukizima. Januari 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotumia picha za setilaiti na kukuta takribani robo tatu ya meli kubwa za uvuvi duniani hazionekani kwenye mifumo ya ufuatiliaji iliyo wazi kwa umma. Lakini baharini anayezima kifaa anajua amezima nini, na kimya chake chenyewe ni sababu ya kumfuata. Tanganyika kimya ndiyo hali ya kawaida.

Tazameni kazi yenyewe. Kipe ni boti mbili zilizounganishwa kwa miti, wavu umening'inia chini yake, taa juu. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Kinaingia ziwani jioni, kinatafuta kina, taa zinawashwa, dagaa wanapanda kuufuata mwanga, wavu unanyanyuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, kwa sababu taa haiwezi kushindana na mwezi. Kwa hiyo kazi yote inafanyika kwenye giza, katikati ya ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670, linalogawanywa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Na utambulisho wa chombo kwa mamlaka ni namba iliyopakwa rangi ubavuni! Saa nane ya usiku, maili kadhaa kutoka nchi kavu, nani anaisoma?

Dola isiyoona inapapasa, na ikipapasa inaumiza. Mwaka 2018 kwenye Operesheni Sangara, Ziwa Victoria, nyavu zilichomwa moto milima kwa milima, malalamiko yakafika hadi bungeni. Mwaka huohuo, mwezi Juni, maofisa wa uvuvi wakaingia kwenye mgahawa wa Bunge Dodoma na rula, wakapima samaki waliokwisha kupikwa. Watu walicheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha: kama samaki anapimwa akiwa sahanini, maana yake alipita ziwani, mwaloni, sokoni na barabarani bila jicho lolote kumwona. Kufunga ziwa zima ni rula ileile, imerefushwa tu.

Kwa hiyo ndiyo, nataka kila kipe na kila boti ya injini Ziwa Tanganyika iwe na kifaa cha kufuatilia. Nasema hivi nikijua nitatukanwa mwaloni. Wala hatuhitaji mitambo ya meli za jodari. Timor-Leste, nchi maskini ya wavuvi wadogo, wamefunga kwenye mitumbwi yao vifaa vidogo vya sola vinavyohifadhi njia ya chombo na kuituma kikifika penye mtandao wa simu. Mvuvi wa Kasanga anayeshikwa kwa kuambiwa amevuka kuingia Zambia angekuwa na ushahidi wake mwenyewe, maana mpaka haukuchorwa juu ya maji. Anayevua maeneo halali kwa wavu halali angekuwa na hoja ya kudai asifungiwe pamoja na mhalifu, au walau muda wa kufunga upangwe kwa takwimu za ziwa lenyewe.

Ila kifaa kinachosema upande mmoja sikitaki, na hapa ndipo naiomba Wizara isikilize vizuri. Mvuvi wa Tanganyika ana maadui wawili usiku. Wa kwanza ni upepo wa kusi, unaoanza kuvuma mwezi Mei na kuliinua ziwa ghafla. Wa pili ni majambazi wa ziwani, wanaokuja na silaha kuchukua injini na nyavu, na mara nyingine kuwaacha watu wanaelea. Mvuvi aliyevamiwa anampigia nani? Simu ikiwa nje ya mtandao ni tochi tu. Akiwa na kifaa kinachoiambia Serikali alipo lakini hakiwezi kuipelekea kilio chake, basi amefungwa kengele ya mbuzi: mwenye mbuzi anasikia alipo, chui pia anasikia.

Sharti liwe la pande mbili, na upande wa Serikali utangulie. Kitufe cha dharura kwenye kila kifaa. Simu ya upepo kwenye kila kundi la vipe linaloingia pamoja. Kituo cha kupokea Kasanga, Kipili, Kirando na Kabwe, chenye mtu wa zamu aliye macho saa nane ya usiku na boti yenye mafuta. Narudia, yenye mafuta, kwa sababu boti za Serikali zilizopaki tunazijua. Mwaka 2024 lilitosha tangazo kuzisimamisha boti zote siku moja. Mamlaka yenye nguvu ya kuzisimamisha boti zote isituambie haina uwezo wa kuijibu moja.

Na tusidanganyane kuhusu chanzo cha upungufu wa samaki. Wavuvi wamezidi, nyavu haramu zipo. Lakini tangu 2003 wanasayansi wamechapisha, katika Nature hiyohiyo, kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto, hayachanganyiki vyema na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kinapungua. Makisio yao yalikuwa kwamba uzalishaji wa ziwa ulishuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Joto hilo halikutengenezwa na mvuvi wa Kirando. Bila kumbukumbu za nani alivua wapi na kwa muda gani, kila upungufu utaendelea kubandikwa kwake.

Najua hofu ya mwaloni. Mahali penye samaki ni siri ya kazi, na mvuvi hataki afisa ushuru au mshindani aijue. Hofu hiyo ina haki, na ina sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kanuni zitamke waziwazi kwamba njia za boti zinatumika kwa uokoaji, ulinzi na usimamizi wa uvuvi, basi. Atakayemuuzia mtu siri hiyo ashtakiwe. BMU ya kila mwalo, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ipewe haki ya kujua nani ameifungua taarifa ya boti ipi, na lini.

Hofu nyingine siiheshimu, nayo ni ya tajiri. Huyu amenunua injini, nyavu, taa za sola na betri kwa mamilioni, lakini ukimtajia kifaa anasema ni gharama. Gharama ya nani? Yeye usiku yuko kitandani. Walioko ndani ya kipe ni vijana wanaolipwa kwa mgawo wa walichovua, na kipe kikipinduka tajiri anadai hasara ya injini kabla hajauliza majina. Kifaa kiwe sharti la leseni ya chombo, kilipiwe na mwenye chombo, na kisikatwe kwenye mgawo wa vibarua. Wizara ikitaka maoni ya wadau, isiitishe mkutano kwenye ukumbi wa Sumbawanga ambako matajiri ndio wanaojaza viti. Iende Kasanga asubuhi, boti zinapotoka ziwani, iwaulize wanaoshusha dagaa.