Flash ilizimwa kwa haki, SARS walizubaa

Wadau, mnaukumbuka ule mraba wa kijivu katikati ya ukurasa, unaokutaka ubofye kwanza ndipo Flash ifunguke? Wengi tulidhani kompyuta ya kafe ni mbovu. Kumbe ilikuwa kazi ya brauza yenyewe, na mimi nasema ilifanya sawa.

Flash ilikuwa kijiprogramu cha Adobe kinachochomekwa kwenye brauza ili video, gemu na matangazo yacheze. Shida yake matundu hayakuisha. Ukifungua ukurasa mbaya tu, umeshaingiliwa. Julai 2015 zilivuja nyaraka za Hacking Team, kampuni ya Italia iliyokuwa ikiziuzia serikali programu za kupeleleza watu. Ndani yake yakakutwa matundu ya Flash ambayo Adobe wenyewe hawakuwa wameyaziba. Firefox ikaifungia Flash mpaka ilipotengenezwa. Septemba mwaka huohuo Chrome nayo ikaanza kusimamisha matangazo ya Flash.

Julai 2017 Adobe wakatangaza kwamba mwisho ni Desemba 31, 2020. Miaka mitatu na ushee! Tena Flash yenyewe ilitegewa saa ndani: Januari 12, 2021 ikaanza kugoma.

Sasa cheki Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini, yaani SARS. Siku hiyo inafika, baadhi ya fomu zao za kodi mtandaoni bado ni za Flash. Wakafanyaje? Januari hiyohiyo wakatoa brauza yao wenyewe, ya kufungulia tovuti yao tu, inayoendesha Flash ambayo wenzao wameshaizika. (Mwanzoni nilidhani utani.) Halafu ilikuwa ya Windows peke yake. Mwenye Mac, shauri yake. Na yule anayetegemea kompyuta ya kafe, ambapo mteja haruhusiwi kuingiza programu yoyote, fomu angejazia wapi?

Wapo wanaolalamika kwamba Google na wenzake wana ubabe, wao ndio wanaamua tufungue nini. Ubabe upo, sibishi. Ila hapa tarehe ilijulikana kitambo, na aliyelala ni ofisi, siyo mlipa kodi. Hata gemu za zamani zilipata mtetezi: kuna Ruffle, inayoziendesha bila Flash ya Adobe, na Internet Archive waliianza Novemba 2020, kabla saa haijagonga.

Mnaonaje wadau, nimewaonea SARS?