Mashine ya Presha Sebuleni na Daftari Lisilosomwa

Kwa miaka mingi kupima shinikizo la damu kulikuwa kazi ya mwenye koti jeupe. Siku hizi mashine imetoka zahanati ikaingia sebuleni. Huuzwa katika maduka ya dawa, na Kariakoo hupatikana hata katikati ya chaja za simu na pasi za umeme. Watoto wanaofanya kazi mijini huwapelekea wazazi wao kijijini kama zawadi ya likizo. Ni zawadi njema, pengine bora kuliko kanga na sukari. Tatizo ni kwamba hutolewa bila maelezo, na karatasi yake ya maelekezo mara nyingi imeandikwa kwa lugha asiyoisoma mzee. Baada ya mwezi mmoja, ama imelala kabatini betri zikivuja, ama imekuwa mtawala wa nyumba, anayeulizwa kila kichwa kinapouma na kila usingizi unapokosekana.

Hali hii ya pili ndiyo yenye hatari. Bibi huamka usiku wa manane moyo ukimwenda mbio, akajipima, akaona 168 kwa 97. Huogopa, akajipima tena: 175. Mara ya tatu, 181. Kufikia hapo nyumba nzima imeamka. Mmoja hushauri ameze kidonge cha pili cha amlodipini. Mwingine hukumbuka dawa ya jirani inayowekwa chini ya ulimi. Wala mashine haikudanganya. Hofu hupandisha shinikizo, na kipimo kilichochukuliwa kwa hofu huzaa kingine kilicho juu zaidi. Kidonge cha pili hakina msaada usiku huo, kwa kuwa amlodipini hutenda kazi polepole na huchukua saa 6 hadi 12 kufikia kilele chake katika damu. Dawa ya chini ya ulimi, hasa nifedipini ya kutenda haraka, ni mbaya zaidi: huweza kulishusha shinikizo ghafla kiasi cha kuunyima ubongo au moyo damu, na kuleta kiharusi kile kile kilichokuwa kikikimbiwa.

Ili kuitumia vema mashine hii, yafaa kujua inafanya nini. Mkanda wa kufunga mkononi ulibuniwa na daktari wa Kiitaliano, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Mwaka 1905 daktari wa Kirusi, Nikolai Korotkov, alieleza sauti zinazosikika mshipani upepo wa mkanda unapopunguzwa. Muuguzi anayetumia kipimo cha kusikiliza bado anazifuata sauti hizo. Mashine ya nyumbani haisikilizi sauti. Hupima mitetemo midogo ya mshipa ndani ya mkanda, kisha hukokotoa namba. Kwa hiyo mkono unaotikisika, betri iliyochoka, au moyo unaopiga bila mpangilio huivuruga hesabu yake.

Makosa makubwa hutokea kabla kitufe hakijabonyezwa. Mkono ulioning'inia chini ya kiwango cha moyo huongeza namba kwa uzito wa damu yenyewe: sentimita 10 tu chini ya moyo huongeza karibu milimita 8 za zebaki. Aliyekuwa na 134 huonekana ana 142, na kwa tofauti hiyo huanzishiwa dawa ya maisha. Kibofu kilichojaa huipandisha namba, miguu iliyopishanishwa huipandisha, na mazungumzo vilevile. Mkanda mdogo kwa mkono mnene ni kosa lisilosemwa vya kutosha. Mikanda mingi inayokuja na mashine hutosha mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mtu mwenye mwili mkubwa akiutumia huo anaweza kuzidishiwa hata milimita 20. Kabla ya kununua mashine, apimwe mkono kwa futi ya fundi cherehani, kisha ndipo aulize bei. Mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono, ambazo hupendwa kwa udogo wake, ziachwe pale mkanda wa mkono wa juu unapowezekana.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mtu akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo sakafuni, mkono umelazwa mezani, mkanda juu ya ngozi na si juu ya sweta. Akae kimya dakika 5. Kahawa, sigara na kazi nzito viwe vimepita nusu saa. Apime mara mbili, kwa kuachana dakika moja, asubuhi kabla ya kumeza dawa na jioni kabla ya kulala, kwa siku 7 zinazotangulia siku ya kliniki. Kila namba iandikwe kama ilivyo, hata ile isiyopendeza. Vipimo vya siku ya kwanza huachwa, kwa sababu siku hiyo mkono bado ni mgeni wa mkanda. Vilivyobaki, ambavyo ni 24, hujumlishwa na kutafutiwa wastani. Mjukuu wa darasa la sita huiweza hesabu hiyo. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85, shinikizo lipo juu. Kliniki kiwango ni 140 kwa 90, na tofauti hiyo isiwachanganye watu: nyumbani mwili hutulia zaidi. Baada ya juma hilo mashine ipumzike. Hakuna sababu ya mtu mwenye hali tulivu kujipima kila siku mwaka mzima, sembuse mara 10 kwa usiku mmoja.

Lipo pia jambo la wale wanaokuta namba ndogo. Mtu mzima asiyetumia dawa za presha, mwenye 100 kwa 65 na asiyesikia kizunguzungu wala kuzirai, hana ugonjwa wa "presha ya kushuka". Soda iliyotiwa chumvi anayopewa na majirani haimtibu kitu.

Hata hivyo, lawama yote isimwangukie mgonjwa. Yafaa watumishi wa afya waambiwe bila kuzungusha maneno: daftari la nyumbani lililojazwa vizuri lina thamani kuliko kipimo kimoja cha kliniki, na kulifunika bila kulisoma ni kutibu kwa kubahatisha. Mgonjwa ameondoka alfajiri, amepanda daladala mbili, amekaa saa 3 kwenye benchi lisilo na egemeo. Jina likiitwa, huinuka kwa haraka asije akapitwa. Mkanda hufungwa juu ya shati, naye huulizwa habari za dawa zilizobaki huku mashine ikijaza upepo. Namba inayotokea hapo ndiyo inayoandikwa kwenye kadi, mara nyingi ikiwa imekatwa hadi sifuri iliyo karibu. Ndiyo maana kadi nyingi zimejaa 140 kwa 90 na 150 kwa 100, kana kwamba damu ya binadamu huenda kwa makumi.

Kwa namba hiyo dozi huongezwa. Yule ambaye presha yake hupanda mbele ya koti jeupe peke yake hurudi nyumbani na dawa nyingi kuliko anazohitaji. Naye akiwa mzee, huenda akapata kizunguzungu anapoinuka kwenda msalani usiku, akaanguka na kuvunjika nyonga. Kinyume chake kipo pia, na ni cha hila zaidi. Wapo wanaomeza dawa kwa uaminifu juma la kliniki tu. Kadi yao ni safi, lakini mishipa, figo na moyo huumia siku nyingine zote. Kadi haiwezi kuonyesha hilo. Daftari, au maswali mawili ya upole juu ya juma ambalo halijaandikwa, yaweza.

Husemwa kwamba wagonjwa huandika namba za kumfurahisha daktari. Wapo wafanyao hivyo, hasa waliowahi kugombezwa. Mashine nyingi zina kumbukumbu, na kitufe kimoja humaliza ubishi. Hoja ya foleni ni nzito zaidi, maana muuguzi mmoja hawezi kukaa kimya dakika 5 na kila mtu. Lakini kiti chenye egemeo kikiwekwa penye foleni, na wastani ukiwa umekwisha kukokotolewa nyumbani, kusoma ukurasa mmoja hakuchukui muda mrefu kuliko kuandika cheti kipya.

Mipaka ya mashine ijulikane pia. Namba ya juu ikifika 180 au ya chini 120, mtu atulie dakika chache, apime tena. Ikibaki pale pale, aonwe na mtaalamu siku hiyo hiyo au kesho yake. Akiwa na maumivu ya kifua, pumzi ya shida, mdomo uliokwenda upande, au mkono uliolegea ghafla, apelekwe hospitali mara moja, hata kama mashine inaonyesha namba nzuri. Kwa mjamzito, 140 kwa 90 inatosha kumpeleka kituoni siku hiyo. Ikiambatana na kichwa kinachouma sana au macho kuona ukungu, asingoje kukuche.

Siku ya kliniki mgonjwa aje na daftari pamoja na mashine yake, walau mara moja kwa mwaka, ipimwe sambamba na ya kliniki kwa mkono ule ule, kwa kupokezana mara kadhaa. Zikipishana chini ya milimita 5, hakuna neno. Zikizidi 10 kila mara, moja ina kasoro, na muuguzi aanze kwa kukagua ile iliyo juu ya meza yake.